Maua ya Mkebe wa Buluu

Cherono mwanangu,

Sikuulizi kama u mzima, kwa sababu nakuona kwa dirisha. Umeinamia karai, unafua, na wimbo ni ule mmoja tangu saa nane. Mimi pia ni mzima. Nimekwambia naingia kupumzisha goti, lakini goti halina neno. Nimekaa kitandani na daftari yako ya zamani, nimeigeuza upande ambao hukuandika, na nakuandikia barua.

Hii ndiyo barua ya kwanza kuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliachia darasa la tatu, na nilitoka nikiwa wa kwanza kwa hesabu, uliza mzee yeyote hapa Keringet. Barua zote za nyumba hii aliandika mama yako. Mimi nilikuwa nasema, yeye anaandika, na mahali nilipojisifu alikuwa anaruka. Nikimwambia, "Soma nisikie," anasoma, na mimi nasikia barua imekuwa fupi. Leo hakuna wa kuruka, kwa hivyo vumilia.

Mambo ya kufunga mlango, ya kutolala na jiko la makaa ndani, ya kutotoa simu yako barabarani, sitaandika. Shangazi yako Rael amekueleza hayo tangu Jumatatu mpaka mimi mwenyewe nimeogopa Nakuru, na Nakuru nimeingia yeye bado hajazaliwa.

Mimi nina neno moja. Jumapili tukitoka kanisani ulisema, "Baba, vyombo nitanunua polepole. Godoro nipe lile la zamani. Lakini maua ya mama nabeba." Nikakujibu, "Beba." Nilijibu haraka kama mtu anayefukuza nzi. Tangu siku hiyo napita mbele ya mkebe wa buluu bila kuuangalia.

Cherono, maua yaliyo kwa huo mkebe si ya mkono wa mama yako. Ni ya mkono wangu. Yale yake, ya mwisho kabisa, niliyaharibu, nikakuficha miaka miwili. Kesho unaenda Nakuru kuanza kazi ya kufundisha watoto wadogo, utalala kwa chumba chako huko nyuma ya ile nyumba ya Milimani, na ungekuwa unaamka kila siku ukiangalia kitu ukidhani ni kingine. Hiyo siwezi. Barua hii nitaiweka juu ya mkebe, uikute asubuhi kabla ya kufunga mizigo. Soma yote ndiyo uamue.

Wacha nianzie mbali kidogo.

Unajua mimi ni mtu wa pareto. Siku zile pareto ilikuwa pareto, hakuna mtu kutoka hapa mpaka Molo aliyekausha kunishinda. Kiwandani walikuwa wanarudishia watu magunia kwa sababu ya unyevu. Gunia langu halikurudi hata siku moja. Nilikuwa natia mkono kwa gunia la mtu, nasugua ua moja kwa vidole, halafu namwambia, "Hii rudisha juani mpaka kesho." Akikataa, anarudishiwa. Watu wakaniita Jua. Siongezi chumvi.

Mtu kama huyo ndiye alimuoa mama yako. Yeye alitoka pande za Molo na lugha yake, mimi nilikuwa na yangu, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kujifunza ya mwenzake, wewe ukalelewa kwa Kiswahili. Alikuja pia na mbegu zimefungwa kwa kitambaa cha maua maua. Akapanda mstari mmoja kando ya jikoni. Yakatoka yale ya manjano na mekundu ambayo hata yakiwa mabichi ukiyagusa yanalia kama karatasi. Halafu yale madogo ya zambarau.

Nikamuuliza, "Hii inaua wadudu?"

Akasema hapana.

"Ng'ombe anakula?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

"Ni ya kuangalia."

Nilicheka mpaka majirani wakasikia. Yeye aliendelea kumwagilia.

Alipoanza kuyakausha ndipo nikakasirika hasa. Aliyakata kabla hayajafunguka. Pareto unachuma ikiwa imefunguka, lakini huyu anakata ua likiwa bado limefumba jicho. Tena hakuanika juani. Alifunga vifungu vidogo, akatundika vichwa chini, gizani, juu ya kitanda upande wake, kwa sababu stoo nilimnyima. Nilimwambia stoo ni ya maua ya kazi. Kila asubuhi nikiamka yalikuwa yananigusa kofia, nikanung'unika. Na zaidi, alikata tyubu ya baiskeli yangu vipande vyembamba kama tambi, ndivyo alivyofungia. Tuligombana juu ya hiyo tyubu wiki nzima.

Kwa hayo magomvi yote alinijibu mara moja tu. Alisema, "Wewe ukikausha unataka dawa iliyo ndani. Mimi nataka rangi." Nilisikia, lakini nilisikia tu kwa masikio.

Ili kumshinda, nilienda sokoni Molo nikanunua maua ya plastiki, makubwa, nikayaweka mezani katikati, juu ya kitambaa alichofuma yeye. Nikamwambia, "Haya hayafi. Yakiingia vumbi unaosha na sabuni." Na kila Krismasi niliyaosha mimi mwenyewe, kwa karai, nikayaanika kwa fensi. Hiyo ndiyo kazi ya nyumba niliyoifanya maisha yangu yote, na nilitaka kila mtu aione. Yake yalikaa kwa mkebe wa buluu kwa kona, mbali na dirisha. Nilikuwa nauliza wageni, "Kati ya haya na yale, yapi yanapendeza?" Wageni ni watu wa adabu, wanaangalia chai.

Kabla hajalazwa mara ya mwisho alikata kifungu kimoja. Ulikuwepo, ulimshikia kisu. Alikaa kwa kiti cha jikoni kwa sababu miguu ilikuwa imekataa, akawa anakuonyesha kwa kidole: hili, hili, lile bado. Hicho ndicho kifungu unachofikiria unabeba.

Sasa soma nilichofanya, na usiache njiani.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, watu wa kanisa walikuwa wanakuja hapa kwa maombi ya kumkumbuka. Wewe ulikuwa chuoni, una mtihani. Nilitaka nyumba iwe safi, mtu asiseme mzee aliachwa na nyumba nayo ikaachwa. Nilifagia. Nilipangusa viti. Nilichukua maua ya plastiki nikayaosha. Halafu nikaangalia mkebe wa buluu nikaona vumbi, na utando wa buibui umeshika ua moja mpaka lingine. Nikasema kwa sauti, peke yangu nyumbani, "Mama Cherono, leo nitakuoshea na yako."

Niliyaosha, Cherono. Kwa sabuni. Niliyasugua kama soksi. Nikayaanika kwa fensi saa sita, jua limesimama juu ya kichwa. Nikayarudisha kwa mkebe, na kwa kuwa yalionekana yamelegea, nikayatilia maji kidogo.

Wewe unajua kwamba maua makavu hayanywi maji. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Lakini mimi kwa miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kuyashika, kwa hivyo ningejulia wapi? Nilifikiri namfanyia heshima. Ninakuandikia hilo si kwa sababu linapunguza kitu. Ni kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoharibu vitu vingi kwa nyumba hii: kwa nguvu, kwa moyo safi, na bila kuuliza aliyekuwa anajua.

Wageni walipofika yalikuwa yameinama yote kama watu wanaoomba. Wiki hiyo ukungu wa Keringet ulishuka asubuhi ukakaa mpaka mchana, unajua mwezi wa saba ulivyo. Siku nilipoyashika tena, chini ya mpira yalikuwa meusi, yameota manyoya meupe. Yalitoka mkononi kama mboga ya jana. Nikabaki nimesimama na kipande cha tyubu ya baiskeli.

Ulikuja likizo mwezi wa nane. Hata mfuko hujaweka chini ukauliza, "Maua ya mama, yako wapi?"

Nikasema, "Nimeyaweka kwa sanduku. Panya wameingia."

Ukasema, "Asante, baba, kwa kuyatunza."

Nikatoka nje nikapasua kuni ambazo zilikuwa tayari zimepasuliwa.

Mtu mwingine angesema ukweli siku hiyo. Mimi niliwaza, si ndimi Jua? Si ndimi bingwa? Nitakausha mengine na hakuna atakayejua. Mstari wake kando ya jikoni ulikuwa bado uko, umeingiliwa na magugu lakini uko. Nikaupalilia. Nikangoja maua yafunguke yote vizuri, wazi kabisa, kama pareto. Nikachuma, nikayatandaza kwa ile trei yangu ya waya, nikayaweka juani, nikawa nageuza mara tatu kwa siku. Siku ya nne nyekundu ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Siku ya tano yalipasuka yote yakatoa manyoya, upepo ukayapeleka uwanja mzima.

Mama Kevo, yule jirani wetu wa ng'ambo ya barabara aliyefanya kazi miaka mingi kwa mashamba ya maua ya Naivasha, alikuwa anapita na mtungi wa maji. Akasimama kwa geti.

"Mzee Jua, umechinja kuku ngapi?"

"Ni maua."

"Maua ya nani?"

"Ya kuweka nyumbani."

Akaweka mtungi chini, akaangalia trei, akashika fensi kwa kucheka. "Mzee, umechuma pareto kwa bustani ya Mama Cherono? Haya ukikata yakiwa wazi, yanaendelea kufunguka hata yakiwa yamekufa. Hukuwahi kumwona akikata?"

"Nilimwona."

"Na hukuuliza?"

Nikamwambia aende na maji yake.

Mara ya pili nilikata mapema kama nilivyomwona mama yako. Lakini nilikata asubuhi sana, umande bado umekaa, nikayafunga kwa kamba ya katani, nikayatundika jikoni juu ya moto ili yakauke haraka. Yalikauka haraka kweli. Yalinuka moshi kama paa la jikoni. Na yakikauka vijiti vinapungua, kamba ikalegea, ua moja likateleza likaanguka kwa sufuria ya ugali nikiwa nasonga. Niliila hiyo ugali. Ndipo nikaelewa kwa nini tyubu. Mpira unafuata kijiti kikipungua, hauachi. Mama yako alijua hilo, na mimi nilimgombeza wiki nzima juu ya baiskeli ambayo hata sikuwa naiendesha.

Siku tatu zikapita. Ya nne nilichukua jogoo nikavuka barabara. Cherono, sijawahi kuvuka kitu kipana kama ile barabara. Nilisimama kwa mlango wa Mama Kevo kama mtoto aliyetumwa chumvi.

"Mama Kevo, nifundishe."

"Nimfundishe nani? Bingwa?"

"Mimi."

"Sema tena, Kevo yuko huko ndani hajasikia."

Nikasema tena. Alinifundisha mchana mzima na jogoo hakuchukua. Alisema, "Hii yote nilifundishwa na bibi yako hapa hapa, si Naivasha. Naivasha tulikuwa tunakata tu na kufunga." Nilirudi nyumbani na jogoo wangu kwapani, na hilo neno likiniuma kuliko kicheko. Kumbe mama yako alikuwa anafundisha watu. Barabara nzima ilijua, ni mimi tu nilikuwa nalala chini ya hayo maua na sijui.

Sasa nakupa yale niliyopewa, kwa sababu utayahitaji huko. Kata ua likiwa limeanza tu kufungua mlango, safu ya nje imelegea na katikati bado imefumba. Kata umande umekauka, saa nne hivi, siku ambayo haikunyesha. Ondoa majani yote, ndiyo yanayoleta kuoza. Fungu liwe la vijiti kumi au chini, ukishika linajaa kiganja, si zaidi, hewa ipite katikati. Mpira, si kamba. Halafu giza, pakavu, penye hewa, mbali na moshi na mbali na mvuke wa sufuria. Wiki tatu usiyasumbue. Kuyapima, usisugue ua kama pareto. Vunja kijiti. Kikipinda, bado; kikilia tap, tayari.

Hapo kwa giza ndipo nilipokwama. Unaijua nyumba yetu. Jikoni kuna moshi, stoo inavuja, na chumba chako kina dirisha la asubuhi. Nilizunguka na hivyo vifungu mkononi nikitafuta mahali pakavu penye giza, na pakabaki mahali pamoja tu. Kabati ya mama yako.

Nilikuwa sijaifungua. Rael alikuwa amekuja mara mbili na akina mama wa kanisa ili wagawe nguo, kama inavyofanywa, na mara zote mbili nilisema ufunguo umepotea. Ulikuwa kwa mfuko wa shati. Siku hiyo nilifungua. Niliyatundika kwa ile fito ya nguo, katikati ya koti lake la kijivu la kanisa na ile sweta ya kijani aliyovaa kuenda kukama. Nikaacha mlango wazi kidogo, upana wa kidole, kwa ajili ya hewa. Rael alipokuja mara ya tatu nikamwambia, "Nguo hazitoki. Kuna maua yanakauka." Akaniangalia kama mtu anayepima homa. "Ndugu yangu, wewe unakausha maua kwa nguo za marehemu?" Nikamwambia ndiyo, na akitaka kunikosoa akaulize kwanza kwa Mama Kevo. Alitoka bila kunywa chai. Mpaka leo anaambia watu mimi ni kichwa ngumu, na hapo hajadanganya.

Wiki tatu zilipoisha niliyatoa. Nyekundu ilikuwa nyekundu. Zambarau ilikuwa zambarau. Niliyapanga kwa mkebe wake, nikayafunga na ule mpira wake niliobaki nao. Hivyo viwili ni vya mama yako kweli, mkebe na mpira. Halafu kwa sababu mimi ni mimi, sikuweza kuacha kazi bila alama yangu. Niliongeza pareto tatu, nyeupe, zimekaushwa gizani, pale nyuma. Ukiyageuza utaziona. Mama yako hakuwahi kuchanganya pareto. Nilishangaa hukuuliza.

Ulirudi Krismasi ukayakuta. Ukainama, ukaweka uso wako ndani ya hayo maua, ukakaa hapo muda mrefu, halafu ukasema, "Baba, bado yana harufu ya mama."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Hapo ndipo ningekwambia ukweli. Nikasema, "Chai iko tayari." Nimeyalipa hayo maneno matatu kila siku mpaka leo, na ndiyo maana leo nimekaa hapa na kalamu kama mtu wa shule.

Nataka ujue na hili. Harufu haikuwa ya uongo. Ulichonusa kilikuwa cha mama yako, kilitoka kwa koti lake na sweta yake, wiki tatu, gizani. Mimi ndiye niliyekudanganya, si maua.

Sasa uamuzi ni wako. Ukiyaacha hapa sitauliza kwa nini, na sitakununia, ingawa unajua najua kununa kuliko mtu yeyote Kuresoi nzima. Ukiyabeba, yatunze sawasawa. Nakuru kuna vumbi, linashuka kutoka Menengai likiingia hata kwa chumvi. Ukiona limekaa kwa maua usiyaoshe, na usiyapige kwa mkono. Chukua unyoya wa kuku, uyapanguse polepole kutoka katikati ukienda nje. Nimekuwekea unyoya mmoja kwa mkebe, ni wa yule jogoo. Yasikae kwa dirisha. Wewe kwa kupenda mwanga utataka kuyaweka kwa dirisha, na jua litakula rangi kwa mwezi mmoja. Jua ninalijua, tuna jina moja. Yasikae karibu na mahali unapikia. Mvua ndefu zikija, ukiona yamelegea, yatundike ndani ya kabati siku mbili tatu, yatapona.

Na ukipita sokoni hapo Nakuru ukaona makavu ya kuuza, usinunue kwa macho. Chukua fungu, likung'ute kidogo. Likimwaga unga mwingi, ni ya zamani au yana wadudu. Angalia chini ya kifundo, pale pamefungwa, ndipo kuoza kunaanzia. Nusa. Sugua ua moja kwa kidole kilicholowa mate, na rangi ikibaki kwa kidole, hiyo ni ya kopo, si ya shamba. Mwenye kuuza akikasirika, mwambie umetumwa na baba yako. Mimi nilikuwa narudisha magunia mazima.

Hayatakaa milele pia. Hapa mama yako alinishinda kabisa. Nilimwambia ya plastiki hayafi, na ni kweli, yako pale mezani, yamekuwa rangi ya maji ya kufulia na hakuna mtu anayeyaangalia. Yeye kila mwaka alikuwa anatoa yale yaliyochoka, anakata mengine. Sikuwahi kumwona akilia juu ya yale aliyotoa. Hayo ya mkebe yana mwaka na zaidi sasa. Yatafika mwisho, na siku hiyo usitafute fundi wa kuyaokoa.

Kwa sababu hiyo nimekuwekea kitu kingine. Yale niliyokosea mara ya kwanza, yaliyopasuka uwanjani, ndiyo yaliyokuwa yamekomaa mbegu. Mama yako yake aliyakata mapema, hayakuwa na mbegu. Mvua ziliponyesha, yakaota hapo nyuma ya trei, kando ya choo, mpaka kwa njia ya ng'ombe, mahali popote upepo ulipeleka. Mama Kevo alikuja akaona, akasema, "Sasa hiyo ndiyo unaita kilimo, Mzee Jua." Hayo maua ya mkebe ni ya ule mstari wa zamani. Lakini mbegu ni za hayo yaliyoota kwa makosa. Nimezifunga kwa kile kitambaa cha maua maua alichokuja nacho kutoka Molo. Nilikipata kwa kabati, chini ya viatu. Panda kwa mkebe wowote, mahali penye jua, maana ua likiwa bichi ndipo linataka jua. Nimechelewa kujua tofauti.

Ufunguo wa kabati uko mlangoni sasa. Ingia kabla hujaondoka, uchague unachotaka, halafu Jumamosi Rael na wenzake wataingia wagawe zilizobaki. Nimemtumia neno kwa mtoto wa jirani, na nimesema chai itakuwepo. Nikibadilisha nia, na unajua naweza, mpigie Rael simu mwambie aje hata hivyo.

Umeacha kuimba. Sasa unasikia nimenyamaza sana, utakuja kugonga uulize kama goti limezidi. Nafunga.

Kama utachukua sweta ya kijani, funga nayo mkebe, iuzunguke vizuri. Maua yenyewe yatoe, usiyalaze kwa mfuko. Yabebe mkononi, vichwa chini, hivyo ndivyo nilivyoyatundika.

Ni mimi baba yako,
mkaushaji